Tupeane uzoefu: mzigo wa kwenda Tanga na Dar bila kuchunwa njiani

Bint Shela
Kuna mtu kauliza jana kupeleka kofia za vito Tanga ni pesa ngapi, akajibiwa nauli ya basi. Nauli ndiyo sehemu rahisi! Wanaoujua mpaka wa Lunga Lunga upande wetu na Horohoro upande wa Tanzania waseme karatasi gani zinatakiwa, mzigo ufungwe vipi, na wapi mtu huliwa. Naanza na hili: mzigo wa Amu, yaani Lamu, hushikwa na mikono minne kabla ya mpaka. Mashua hadi Mokowe, basi hadi Mombasa, mkokoteni au tuktuk, kisha basi la Tanga. Katoni ifunge kwa kumfikiria yule wa nne, maana yeye hajui ndani mna nini wala hana haja ya kujua.

Msafirishaji Barani
Cheti. Nasema tena, cheti. Bidhaa ikiwa ni ya kutengenezwa Kenya na thamani ya mzigo wote haizidi dola 2,000, kuna cheti cha uasili wa bidhaa kile kilichorahisishwa, kinajazwa pale pale mpakani na afisa wa forodha wa upande wetu anagonga muhuri. Hakilipiwi. Ukivuka nacho, ushuru wa forodha ni sifuri.

Lakini VAT ya Tanzania ya 18% haiendi popote, na inapigwa juu ya bei ya bidhaa pamoja na nauli, na bima kama ipo. Chukua kofia 12 za KSh 2,500, ni 30,000. Nauli 2,000. VAT ni 18% ya 32,000, yaani 5,760. Basi.

Sasa sahau cheti. Kofia ziko kwenye kundi la ushuru wa 35% lililoanza Julai 2022. Ushuru 11,200. VAT sasa inapigwa juu ya 43,200, inakuwa 7,776. Jumla 18,976, na hapo sijatia tozo ndogondogo. Tofauti ni zaidi ya elfu kumi na tatu kwa karatasi moja ya bure.

Mtoto wa Langoni
Hiyo VAT ndiyo huwatoa watu machozi. Wanasikia "Jumuiya ya Afrika Mashariki" wanadhani ni kama kuvuka kivuko cha Likoni.

Kaka Ngomeni
Mnajitesa bure. Katoni moja mpe konda, mtilie kitu mkononi, kesho iko Tanga.

Msafirishaji Barani
@Kaka Ngomeni na konda akiulizwa "huu wa nani?" atasema nini? Atasema haujui. Mzigo usio na mwenyewe unateremshwa, na atakayeufuata ndiye atakayeeleza kwa nini haukutajwa. Hapo si kodi tena, ni faini au uchukuliwe kabisa.

Kaka Ngomeni
Kofia 12 nazo ni magendo? Shekhe, tusitishane.

Bint Shela
Kaka, humu wamo watoto wanaoanza biashara. Ukitaka kumtumia konda mtumie kama mbebaji, na karatasi ziwe juu ya katoni zikiwa na jina lako na la mpokeaji. Hilo hakuna anayelikataa.

Mama Achari
Karatasi yenyewe iweje? Orodha ya bei, nakala tatu: moja ya upande wetu, moja ya upande wao, moja imebandikwa kwenye mzigo. Iandikwe kitu, idadi, bei ya kimoja, jumla, uzito, imetengenezwa wapi, majina na simu za pande zote mbili. Usiandike "vitu mbalimbali". Neno hilo ndilo humfungulia afisa katoni.

Kufunga: chupa ya achari ijae ikibakisha kidole kimoja, futa mafuta kwenye shingo kabla ya kufunika, maana kifuniko kilichokaza juu ya mafuta hulegea kwa mtikisiko wa njiani. Zungusha utepe upande ule ule kifuniko kinakokaza. Kila chupa kivyake ndani ya magazeti. MSITUMIE makumbi wala nyasi kujazia! Ni mabaki ya mimea, mkaguzi wa mimea atayadai hayo kabla hata ya achari. Wala msiweke kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea, Tanzania imeipiga marufuku tangu Juni 2019.

Na ya kuuza si kama ya kula nyumbani. Ya kuuza huulizwa alama ya ubora. Kwao chakula kiko chini ya TBS, shirika lao la viwango, tangu 2019.

Mtoto wa Langoni
Makumbi! Kumbe ndiyo hayo.

Fundi Kasha
Kwa kuwa mmetaja karatasi, sikizeni ya kasha lililokaa mpakani siku tisa. Kasha jipya, la mbambakofi, nakshi ya mkono, misumari ya shaba. Mpelekaji akataka lionekane la thamani, akaandika kwenye orodha "kasha la kale la Amu". Neno moja tu, "kale". Sheria ya makumbusho ya 2006 inasema kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 hakitoki nchini bila kibali. Basi kasha likawekwa kando mpaka ijulikane umri wake.

Mwenyewe akaapa ni jipya. Nani amwamini, na fundi alikuwa amelipiga moshi na kulisugua mpaka likazeeka kweli! Lililolitoa ni risiti ya fundi yenye tarehe na aina ya mbao, picha za kasha likiwa bado mbao nyeupe bila rangi, na barua ya watu wa makumbusho kwamba wameliangalia na si la zamani.

Hata hapo halikuondoka. Sanduku la nje lilikuwa la mbao mbichi bila muhuri. Mbao za kufungia mzigo wa nje hutakiwa zipashwe moto hadi nyuzi 56 kiini chake, dakika 30, kisha zigongwe muhuri wa suke la ngano na herufi HT. Likafunguliwa, likafungwa upya kwa plaiwudi, ambayo haidaiwi muhuri huo.

Kaka Ngomeni
Hahaha, kasha limezeeka kwa uongo wa mwenyewe.

Bint Shela
Fundi, fanicha nazo ziko kwenye 35%?

Fundi Kasha
Ziko. Kwa hiyo cheti ni lazima, na picha za karakana zisikose. Kasha jipya andika "kasha jipya la mbao, limetengenezwa Lamu", na mwaka.

Baharia Mstaafu
Yeo watu wamesahau ndia ya bahari. Jahazi zipo Bandari ya Kale, Mombasa. Mzigo uingie kwenye manifesti ya nahodha, ile orodha ya mizigo, kwa jina lako, usikubali "tia tu nyuma". Upepo wa kusi ukikaza usipeleke cha kuvunjika.

Dada wa Posta
Kwa kitu chini ya kilo 2, tusisahau posta. Pakiti ndogo ina fomu ya forodha ya CN22, kifurushi kikubwa CN23. Namba ya kufuatilia ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha KE. Andikeni simu ya mpokeaji, maana akiitwa na forodha kulipa asipojulikana alipo, kifurushi hurudi. Kwa ndege ya kampuni za haraka pimeni katoni: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. Katoni ya 50 × 40 × 40 hulipishwa kama kilo 16 hata ikijaa pamba.

Kijana Mpeketoni
Nikiandika "zawadi" si nasalimika?

Msafirishaji Barani
Zawadi ina thamani yake pia. Na kofia 12 za saizi moja mwanzo hadi mwisho, nani anampa nani zawadi hiyo? Wala usigawe mzigo wa dola 3,000 mara mbili kwenye basi moja. Wanaona.

Dada wa Posta
Wa Uganda msichanganye: kule kuna pia mpango wa COMESA, lile soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, kwa wafanyabiashara wadogo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, karatasi ya COMESA Horohoro ni ya kufungia karanga.

Mama Achari
Na maembe?

Msafirishaji Barani
Mpokeaji aombe kwanza kibali cha kuingiza mazao kwao, ndipo KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa Kenya, wakague na kutoa cheti cha afya ya mimea. Kinyume chake embe litaivia mpakani.

Kaka Ngomeni
Embe la Malindi likiivia mpakani, hilo la konda 😂