MJADALA: Kahawa moja, meza kutwa nzima. Mgahawa una haki ya kukuinua?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Naleta hoja inayotugusa sisi tunaofanya kazi za mtandaoni hapa Dar: watafsiri, wahasibu, waandika programu, wachora nembo, na wale ambao bosi yuko Berlin na wao wako Kinyerezi. Ofisi yetu ni mgahawa. Saa tatu asubuhi unaagiza kapuchino ya elfu saba, unawahi meza ya ukutani yenye soketi, unafungua laptopu. Saa saba mchana bado upo. Mhudumu ameshapita mara tatu: "Bosi, nikuongezee nini?" Kila mtu anajua anachoambiwa hapo.

Wenye migahawa wameanza kuchoka. Wapo wanaozima waifai saa ya chakula, wapo walioziba soketi kwa plasta. Na si huku tu. Mwaka 2018 Starbucks, kampuni ya migahawa ya kahawa kule Marekani, waliruhusu mtu akae hata bila kununua, baada ya Weusi wawili kukamatwa na polisi ndani ya duka lao Philadelphia wakimsubiri mwenzao. Januari 2025 wakaweka sharti: nunua au toka. Agosti mwaka huohuo, Starbucks ya Korea Kusini ikakataza wateja kuingia na kompyuta za mezani na printa, maana watu walikuwa wanahamia na ofisi nzima.

Msimamo wangu: mgahawa una haki ya kuuza muda wa meza, ila uuze hadharani. Ibandikwe ukutani: unakaa saa ngapi, unanunua kiasi gani, na saa zipi laptopu hazitakiwi. Kinachoniudhi ni utaratibu wa kupimana kwa macho. Mhudumu anamtazama mtu viatu, anamtazama ngozi, halafu anaamua wa kumsumbua. Nimeshuhudia mzungu kasinzia kwenye sofa na glasi ya maji mbele yake, hakuna aliyemgusa. Meza ya pili kijana wa Kitanzania mwenye kahawa na keki anaombwa apishe wageni.

Haki ipo au haipo? Karibuni.

Mwenye Fremu

Mkuu, mimi nina mgahawa mdogo, sitasema mtaa gani. Ngoja nikupe hesabu kwa mfano, maana naona wengi wanajadili haki bila kujadili bili.

Meza ya watu wawili, kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana, inageuka mara mbili. Weka wali kuku na juisi, elfu kumi na tano kwa kichwa. Watu wanne, elfu sitini. Mwenye laptopu aliyekalia meza hiyohiyo kaacha elfu saba, na kahawa yenyewe kaimaliza kabla ya saa nne. Mgahawa wenye meza kumi ukikaliwa hivyo meza nne, hapo unafanya biashara au sadaka? Fremu unalipa miezi sita mbele. TRA hawaulizi wateja walikaa muda gani.

Mnakumbuka mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujawashwa mwezi wa pili? Pale kwangu palijaa kuliko wakati wowote, na mauzo hayakusogea. Watu walifuata jenereta. Kuna jamaa aliingia na waya wa kuongezea umeme, akachomeka laptopu, simu mbili na taa ya kuchaji ya nyumbani kwake. Taa! Dizeli yangu, mwanga wake wa usiku.

Kuhusu mzungu wa kwenye sofa, nakueleza kitu ambacho hutakipenda. Mara nyingi mhudumu hamheshimu yule mzungu kuliko wewe. Anakwepa Kiingereza. Kumwambia mtu "samahani, tunaomba meza" kwa lugha usiyoimudu, halafu akakujibu sentensi sita usizozielewa, nani anataka? Wewe mnaelewana, basi kazi inakuangukia wewe.

Dada wa Tabata

Mwenye Fremu, hiyo ya Kiingereza inaeleza, haihalalishi. Matokeo ni yaleyale: anayeinuliwa ni mimi.

Halafu mnajadili kama vile kila mtu ana mahali pengine pa kwenda. Mimi nafanya kazi za huduma kwa wateja kwa kampuni ya nje. Nyumbani nina meza, nina bando, nina kila kitu isipokuwa heshima ya kazi yenyewe. Mwanamke akionekana nyumbani mchana, basi hana kazi. "Mama Fulani, si upo tu hapo, hebu nishikie mtoto." "Dada, fundi bomba anakuja, utamfungulia." Shangazi akija kutoka Moshi anakaa sebuleni anashangaa kwa nini naongea na kompyuta badala ya kuongea naye. Siwezi kumwambia shangazi anyamaze.

Nikitoka nimevaa, nimebeba begi, watu wanasema kaenda kazini. Kwa hiyo ile elfu saba mimi silipii kahawa, wala sipendi kahawa. Nalipia kutoitwa. Nikiambiwa wazi kwamba kukaa hadi saa kumi ni elfu kumi na tano, nitapiga hesabu yangu, nikiweza nalipa, nisipoweza naenda siku mbili kwa wiki. Kinachonitesa ni kukaa roho juu kila mhudumu akisogea.

Mzee wa Kijiwe

Vijana mna mambo. Kahawa kijiweni hela ndogo tu, kashata pembeni, tunakaa kuanzia alasiri hadi adhana ya isha, tunaimaliza Simba na Yanga na serikali zote za dunia. Muuza kahawa hajawahi kumwinua mtu.

Mwenye Fremu

Mzee wangu shikamoo. Muuza kahawa wako halipii lile benchi, hana kiyoyozi, na wewe hujawahi kumwomba soketi.

Mwanasheria Uchwara

Niseme kidogo upande wa sheria. Watu wanapenda kurusha Ibara ya 13 ya Katiba ya 1977 kwamba ubaguzi ni marufuku. Ni kweli, na tafsiri ya ubaguzi kwenye ibara ndogo ya 5 inataja rangi, dini, jinsia, hata hali ya maisha. Lakini someni ibara ndogo ya 4 kwa utulivu: inamzungumzia mtu au mamlaka inayotekeleza madaraka yake chini ya sheria. Kama meneja wa mgahawa anayekuondoa kwenye kiti anaingia humo, hapo mawakili watakula ada vizuri sana.

Msijidanganye kwamba kuna kifungu kinachokupa kiti hadi jioni kwa kikombe kimoja. Mgahawa ni mali ya mtu, amekukaribisha kwa masharti. Ila namuunga mkono mleta mada: masharti yasiyoandikwa mahali popote ndiyo yanayozaa upendeleo, maana kila mhudumu anakuwa mbunge wa meza zake.

Kijana wa Sinza

Napinga. Mnaopigia debe kuuza meza kwa saa hamjafikiria kinachofuata. Leo nanunua kahawa, intaneti ikikatika nasema bahati mbaya, nawasha bando langu. Siku utakaponiuzia saa, umeniuzia ofisi. Ofisi ikikosa intaneti nadai hela yangu.

Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, kebo za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, Tanzania tukawa miongoni mwa walioumia zaidi. Kuna migahawa ilikuwa na bango "waifai ya kasi" mlangoni, ndani hata ujumbe wa maandishi hauendi. Kama ungekuwa umeniuzia muda wa saa sita siku zile, ungenirudishia shilingi ngapi? Na kelele je? Nikiwa kwenye kikao cha mtandaoni na mteja, wewe unasaga juisi ya parachichi, nikulalamikie?

Mgahawa ubaki mgahawa. Atakayekaa sana atajisikia aibu mwenyewe ataagiza chipsi.

Mwenye Fremu

Aibu? Mdogo wangu, karibu kwangu nikuonyeshe watu ambao aibu waliiacha kwenye mwendokasi.

Lakini hoja ya kudaiwa intaneti ni nzito, naikubali. Ndiyo maana sitaki kuuza saa. Nataka kiwango cha chini cha kununua. Unanunua chakula, unakaa. Waifai ni takrima yangu, ikifa, chakula chako hujanyang'anywa.

Mkazi wa Nairobi

Salamu kutoka huku. Sisi tumelizoea jambo hili muda mrefu. Java, migahawa yetu ya kahawa, ilifungua duka la kwanza Adams Arcade mwaka 1999, na kwa watu wengi wa Nairobi "tukutane Java" ikawa ndiyo anwani ya ofisi. Mahojiano ya kazi, mikataba ya mashamba, hata posa zimejadiliwa pale. iHub, ofisi ya pamoja, nayo ikaja mwaka 2010 Ngong Road, vijana wa teknolojia wakapata pa kukaa kwa utaratibu wa uanachama.

Nilichojifunza: ofisi ya pamoja haiuondoi mgahawa. Mtu analipia dawati la mwezi na bado utamkuta mgahawani Jumatano, kwa sababu amechoka kuona sura zilezile. Kwa hiyo msitegemee kwamba mkijenga ofisi za pamoja hawa watu wataondoka kwa Mwenye Fremu.

Dada wa Tabata

Na bei za hizo ofisi za pamoja mara nyingi hupangwa kwa macho ya wafadhili na wageni, siyo ya mtu anayelipwa kwa kila swali la mteja analojibu.

Mleta mada

Nashukuru michango. Kuna mmoja amenifuata pembeni akaniuliza kwa nini tusiende maktaba. Swali zuri kuliko yote, nalileta hapa.

Maktaba Kuu ya Taifa ipo pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed tangu 1967. Meza, ukimya, katikati ya mji. Kwa kuandika, kutafsiri au kusomea mtihani, sioni kwa nini mtu atoe elfu saba ya kapuchino. Chuo Kikuu Mlimani nako maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018 inachukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, ila ile ni hasa ya wanachuo. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia pale Kijitonyama, kuna Buni, kituo cha wabunifu.

Tatizo la maktaba ni mdomo na saa. Kazi zetu nyingi ni kuongea, na maktaba huongei. Pia mteja wa California anapoketi kazini saa tatu asubuhi yake, huku ni saa moja au saa mbili usiku, kutegemea majira yao. Saa hiyo kilicho wazi ni mgahawa na baa. Jiji hili lina mamilioni ya watu, na mahali pa umma pa kukaa na kuongea kwa sauti ya kawaida, penye umeme, usiku, hakuna. Tunamlaumu Mwenye Fremu kwa kutokubeba mzigo ambao manispaa hazijawahi hata kuushika.

Ndiyo maana sikubaliani na Kijana wa Sinza. Ukitegemea aibu, mwenye aibu ndiye anayelipa. Asiye na aibu anakaa bure, na mgeni anayeogopewa lugha yake anakaa bure zaidi.

Mwenye Fremu

Basi nitaandika bango, Kiswahili na Kiingereza, ili mhudumu aoneshe kidole tu. Saa mbili asubuhi hadi saa sita, laptopu ruksa, agiza chochote. Saa sita hadi saa tisa, hakuna laptopu, awe waziri au mzungu. Saa tisa hadi kufunga, kuanzia elfu kumi na mbili kwa kichwa unakaa unavyotaka. Vikao vya mtandaoni: visikilizio masikioni, na unaongea ukiwa baraza ya nje.

Dada wa Tabata

Saa sita hadi saa tisa niende wapi na begi langu?

Mwenye Fremu

Dada, kula. Laptopu ikiwa ndani ya begi, meza ni yako.

Kijana wa Sinza

Elfu kumi na mbili ni nyingi. Elfu nane, na maji makubwa yahesabiwe.

Mwenye Fremu

Elfu kumi. Maji hayahesabiwi.