Kijana wangu ana usonji, "karibu chakula" nimfundisheje?

MamaMkubwa_Tanga: Habari za humu. Mwanangu ana miaka 15, ana usonji. Kuongea anaongea vizuri, shida ni haya maneno yetu ya adabu. Jumamosi tumepita kwa jirani, wako mkekani wanakula, wakasema "karibuni". Mwenzangu akavua kandambili, akanawa, akakaa, akamaliza samaki wa baba mwenye nyumba. Nilitamani ardhi inimeze. Juzi tena ustadhi kamuuliza, "Habari za nyumbani?" Akajibu, "Mbaya. Luku imeisha na baba hana hela." Na kweli ilikuwa imeisha! Nikimkanya ananiuliza, "Kwa nini wanikaribishe kama hawataki nile?" Sina jibu. Wenye vijana wa rika hili mnafanyaje? Habari za fimbo msiniletee.

MwalimuWaKitengo: Pole mama, ila nimecheka. "Uwe na adabu" haimsaidii, mpe alama ya kuona kwa macho. Wanafunzi wangu nawaambia: ukikaribishwa umesimama, jibu "starehe". Ukiletewa maji ya kunawa, hapo kaa ule. Hayo yaandike yawe kisa kifupi kwa sauti yake, "Mimi nikipita kwa jirani...", na michoro, mkisome kabla ya kutoka. Njia hii aliianzisha Carol Gray, mwalimu wa Marekani, miaka ya 1990. Siri yake ni kueleza *kwa nini* watu hufanya hivyo, amri ziwe chache.

FundiSaa: Mimi mwenyewe nina usonji, nina miaka 23. Mama, jambo moja: usimlazimishe kutazama watu machoni. Mimi nilifundishwa hivyo, nikawa nahesabu sekunde, maneno yote yananipita. Halafu nikimkazia macho mzee, naambiwa sina heshima! Na jirani naye aelezwe. Damian Milton, mtafiti Mwingereza mwenye usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande zote mbili. Mbona sisi tu ndio tunaopelekwa darasani?

MamaMkubwa_Tanga: Asanteni. Mwanangu FundiSaa, umenigusa, jirani nimeshaongea naye. Kisa tumekisoma siku nne, picha ya birika kachora mwenyewe. Leo tumepita, wakasema karibuni. Akajibu "starehe" vizuri kabisa. Kisha akasimama palepale mlangoni, anachungulia ndani: "Maji ya kunawa yanakuja?"