Mashariki au magharibi ya Phoenix: tununue nyumba upande upi?

MpangajiWaMjini: Wanajukwaa, salaam. Tunapanga fleti katikati ya jiji la Phoenix, Arizona, na sasa tunataka kununua nyumba yetu. Tunapima Buckeye na Goodyear kwa upande wa magharibi, Gilbert na Queen Creek kwa upande wa mashariki. Kazi zetu zote mbili zitabaki mjini. Naomba ushauri.

MkaziWaBuckeye: Karibu kwetu, ndugu. Mwaka 2000 mji huu haukuwa na watu hata 7,000, lakini sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya 91,000, na mashamba ya pamba yanaendelea kugeuka mitaa. Fedha inayokupa nyumba ya kawaida Gilbert, huku inakupa nyumba mpya yenye nafasi. Hata hivyo, dalali hatakutajia jambo moja: asubuhi utaendesha kuelekea mashariki jua likikupiga usoni, na jioni, ukiwa kwenye foleni ya barabara kuu ya I-10, litakupiga usoni tena. Anayetoka Gilbert jua huwa kisogoni mwake kwenda na kurudi.

MamaChandler: Mimi nasema ulizia maji kabla ya bei. Sheria ya jimbo ya mwaka 1980 inamtaka anayegawa viwanja vipya athibitishe kuwa maji yatatosha kwa miaka 100. Na Juni 2023, baada ya hesabu kuonyesha kwamba maji ya ardhini hayatakidhi mahitaji yote ya kipindi hicho, jimbo lilisitisha vibali vipya kwa miradi inayotegemea visima pekee. Waliokwisha kupata vibali hawakuguswa. Miji ya Buckeye na Queen Creek ndiyo iliyobanwa zaidi, ingawa iko pande mbili tofauti za jiji, ilhali miji ya Goodyear, Chandler (jirani ya Gilbert) na Gilbert yenyewe imetambuliwa na jimbo kuwa na maji ya uhakika.

Fundi_AC: Naungana na Mama. Niongeze kwamba Goodyear iko karibu na kambi ya ndege za kivita ya Luke, kwa hiyo sikilizeni ngurumo kwanza. Treni ya mjini nayo inafika Mesa, mji jirani wa Gilbert, lakini Gilbert haifiki.

MpangajiWaMjini: Ahsanteni sana. Buckeye na Queen Creek tunaziondoa kwa sababu ya maji. Goodyear tutaiendea siku ya kazi, saa kumi na moja jioni, tukitokea mjini, kisha Gilbert siku inayofuata.