Naomba ushauri: kazi imenimaliza, hata mazoezi yamenishinda

Habari zenu wakuu. Nina miaka 34, niko ofisi ya utalii hapa Arusha, upande wa kupanga safari za wageni. Tangu msimu uanze mwezi wa 6 sijapumua. Wateja wengi wako Marekani. Wao wakiwa kazini huku ni usiku, basi simu inalia hadi saa 6 na bosi anataka wajibiwe papo hapo.

Mwaka jana nilikuwa mtu wa mazoezi. Saa 11 alfajiri natoka Njiro nakimbia, nikirudi uji wa ulezi, naoga, kazini. Sasa raba ziko uvunguni, juzi nimekuta buibui katanda utando ndani ya moja. Jioni nikishuka kwenye daladala hata nguvu ya kumenya ndizi sina, naishia kibandani kwa chipsi mayai na soda. Nikilala usingizi hauji, nawaza invoisi.

La kufanya nalijua. Hamu ndiyo haipo. Mke wangu anasema ni uvivu tu. Nimesoma kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliieleza hali hii kuwa ni matokeo ya msongo wa kazi wa muda mrefu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi, ufanisi kushuka. Yote matatu ninayo, hilo la pili ndiyo usiseme.

Kuacha kazi siwezi, Januari kuna ada. Mliopitia hili, mlianza na kipi: usingizi, chakula au mazoezi? Na bosi mlimwambiaje kuhusu simu za usiku bila kugombana? Wa "jikaze mwanaume" naomba mpite kimya.