Kuchoma mapema au kutochoma kabisa? Msitu wa kijiji wenye mizinga, Sikonge

KamatiMazingira_Skg

Wakuu, salaam. Naomba maarifa ya wanaoijua miombo (misitu ya miti kama mtundu na muba) kwa undani. Ni msitu wa kijiji wilayani Sikonge, Tabora, wa hekta kama 400. Mashariki umepakana na mashamba ya mahindi na tumbaku, magharibi kuna mbuga (bonde la nyasi lenye unyevu) wanakochungia ng'ombe. Ndani imetundikwa mizinga ya magome na ya kisasa. Kila mwaka moto unapita, mara nyingi kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba, na hajulikani aliyeuwasha.

Kamati imegawanyika. Kundi la kwanza linataka moto upigwe marufuku kabisa na sheria ndogo itamke faini. Kundi la pili linataka tuchome wenyewe mwezi wa sita. Wafugaji nao wanasema bila moto wa Septemba ng'ombe hawapati majani mabichi. Nani yuko sahihi? Na kama ni kuchoma, inafanyikaje bila kuunguza msitu uleule tunaoulinda? Naomba hatua, vipimo, na makosa ya kuepuka.

---

Gome_la_Mninga

Kundi la pili liko karibu zaidi na ukweli, ila wengi wanaolitetea hawajui kwa nini, na asiyejua kwa nini atachoma siku mbaya. Kwa hiyo nianze na sababu.

Moto wa miombo hula nyasi na majani makavu yaliyo chini. Mvua zikinyesha vizuri, kuni hizo za ardhini zinaweza kufika tani 2 hadi 5 kwa hekta. Mei na Juni shina la nyasi bado lina maji karibu na ardhi, usiku umande unashuka. Moto unakuwa mfupi, unaruka viraka vyenye kivuli, na giza likiingia unazimika wenyewe. Septemba mambo yamegeuka. Nyasi zimekauka hadi kwenye mzizi, majani ya miti yamepukutika juu yake, na upepo wa mchana ni mkali. Kubwa zaidi ni hili: miombo hutoa majani mapya mekundu kabla ya mvua. Lishike jani hilo, ni laini na lina maji tele, na mti umelitoa kwa akiba iliyokuwa mizizini tangu masika. Moto ukilibabua, mti unalazimika kutoa jingine kwa akiba iliyobaki. Ukirudiwa hivyo miaka kadhaa mfululizo, mti unadhoofika na matawi ya juu yanakauka.

Halafu kuna gome. Chini yake kuna utando mbichi unaozaa mbao na gome jipya, nao hufa joto likifika nyuzi 60 hivi. Mninga mkubwa una gome nene linaloukinga. Mche wenye unene wa kidole hauna kinga hiyo. Hata mti mkubwa ukitazama kovu lake, mara nyingi liko upande usiopigwa na upepo, maana ndimi za moto hujikunja nyuma ya shina na kukaa pale kwa muda mrefu zaidi. Mwaka unaofuata moto unaingia kupitia kovu hilo hadi kwenye kiini, shina linakuwa pango, na hatimaye mti unaanguka ukiwa bado na majani.

Kuhusu marufuku: karibu na Ndola, Zambia, majaribio yalianza mwaka 1933 kwenye miombo kama hii yetu. Kipande kilichochomwa mwishoni mwa kiangazi kila mwaka kiligeuka nyika yenye miti michache. Kilichokingwa kabisa kilifunga na kuwa msitu mzito. Kilichochomwa mapema kilibaki miombo. Basi kukinga kabisa ni kuzuri mno, ikiwa mnaweza kukinga kweli, miaka yote. Mkishindwa mwaka wa nne, moto unakuta nyasi na majani ya miaka minne yamelundikana, na huo unaua hata miti iliyostahimili mioto yote ya nyuma. Kijiji chenye mashamba upande mmoja na malisho upande mwingine, sioni kikifaulu kwa marufuku ya karatasi peke yake.

Utaratibu wa kuchoma:

Kwanza kibali. Sheria ya Misitu ya 2002 inadhibiti uchomaji, kwa hiyo pitieni serikali ya kijiji na afisa misitu wa wilaya mpate maandishi, na majirani wote wajue siku na saa.

Tarehe msiitoe kwenye kalenda. Angalieni nyasi: za mwinuko ziwe zimegeuka njano na za mbuga ziwe bado kijani. Kisha jaribuni kiraka cha mita 2 kwa 2. Miali ikifika magotini na moto ukafa kwenye kivuli, siku inafaa. Ikipita kiunoni mmechelewa, ahirisheni hadi mwakani na mtegemee barabara za moto (kanda za kuzuia moto) tu.

Barabara ya moto: fyekeni mistari miwili sambamba, kila mmoja mita 3, na katikati yake kuwe na mita 10 hadi 15 zilizoachwa na nyasi. Palilieni mistari kwa jembe hadi udongo uonekane. Nyasi mlizofyeka zisambazwe ndani ya kipande cha katikati, zisilundikwe ukingoni. Hili ndilo kosa ninaloliona likirudiwa zaidi: lundo kavu pembeni ya mstari huinua miali juu kuliko nyasi zilizosimama, na cheche zinavuka. Siku ya kuchoma, mnachoma hicho kipande cha katikati. Kinachobaki ni ukanda mweusi wa karibu mita 20 ambao moto wa Septemba hauna cha kula.

Anzeni saa kumi jioni. Mwaga majivu kiganjani uone upepo unakoelekea, kisha washeni kwenye ukingo ambao upepo unaelekea, ili moto urudi nyuma polepole dhidi ya upepo. Anayewasha upande upepo unakotoka anapata moto unaokimbia kuliko mtu. Watu 8 hadi 10 wanatosha kwa mita 300: wawili kuwasha, waliobaki kwenye mistari wakiwa na matawi mabichi, majembe na mabomba ya mgongoni ya lita 15 au 20. Maji yasimwagwe kwenye miali mirefu, yawekwe akiba kwa magogo na visiki.

Kabla ya kuwasha, kila mti mkavu uliosimama ndani ya mita 15 kutoka mstarini upaliliwe shinani. Mti mkavu wenye pango ukishika moto unafanya kazi ya dohani na kurusha cheche usiku kucha. Kesho yake saa nne asubuhi, upepo ukianza kuamka, pitieni mstari wote tena. Gogo na kinyesi kikavu cha ng'ombe hufuka bila moshi wa kuonekana. Pelekeni nyuma ya kiganja karibu, joto litawaambia.

---

Asali_Mbichi

Naongeza upande wa nyuki, maana kwa Sikonge msitu ni asali.

Muba huchanua kuelekea mwisho wa masika, ndiyo asali inayorinwa kuanzia Mei. Mtundu huchanua Septemba na Oktoba, ndiyo asali ya kabla ya mvua. Moto wa Septemba unababua maua ya mtundu, kwa hiyo hata mzinga usipoungua, kundi linakosa chakula na linahama. Mfugaji nyuki anakuta mzinga mzima, mtupu, na anadhani ameibiwa.

Kwa hiyo rina kwanza, choma baadaye. Palilia mita 3 kuzunguka kila mti wenye mzinga, na ondoa majani yaliyonasa kwenye panda za chini. Mzinga wa gome ukae mita 4 au zaidi kutoka ardhini. Mizinga ya kisasa iliyo kwenye stendi ya chini ipaliliwe mita 5.

Na tuseme ukweli unaouma: sehemu ya mioto hii huanzia kwetu warina asali. Mwenge wa nyasi kavu unadondosha makaa kila hatua, na usiku huyaoni. Tumieni bomba la moshi la kufukizia nyuki, magunzi au kinyesi kikavu ndani, majani mabichi juu. Ukimaliza, ziba mdomo wake kwa majani mabichi, na makaa yamwagwe shimoni na kufukiwa, kisha uponde udongo kwa mguu. Kamati ingeweza kununua mabomba machache ya kuazimana. Gharama yake ni ndogo mno kuliko mizinga inayoungua.

---

Malisho_Tbr

Wafugaji hawasemi uongo, ila wanaona nusu ya jambo. Nyasi ikichomwa Septemba inachipua bila mvua, ni kweli, lakini inachipua kwa akiba ya mzizi. Ng'ombe akiing'ata ikiwa na sentimita 5, mzizi unalipa mara mbili. Miaka michache hivyo, nyasi za kudumu zinatoweka na mahali pake panakuja magugu na nyasi za mwaka mmoja zisizo na lishe. Mvua ya kwanza ya Novemba inakuta udongo mtupu, matone yanaupiga hadi uso wake unaziba, na maji yanatiririka badala ya kuzama. Majivu yanaleta potashi na fosforasi kidogo kwa msimu mmoja, lakini nitrojeni na salfa zimekwenda na moshi.

Pendekezo: gaweni mbuga mafungu matatu. Fungu moja lichomwe Juni au Julai, wakati udongo wa mbuga bado una unyevu chini. Nalo litachipua, na ng'ombe wasiingie hadi majani yafike sentimita 15 au 20. Mafungu mawili yabaki na nyasi kavu, mwakani mbadilishane. Kisha kateni majani mapema, nyasi zinapoanza kutoa maua, mkaushe siku mbili tatu na kufunga kwa sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45. Robota moja (furushi la majani makavu lililofungwa) linatoka na kilo 15 hadi 20. Mfugaji mwenye robota stooni hana haja ya kiberiti Septemba.

---

Mteremko_Kgm

Kaka Gome kaeleza vizuri kwa ardhi ya Tabora iliyo tambarare. Wanaosoma kutoka Kasulu, Buhigwe na Uvinza, huku Kigoma kwenye miteremko, wasinakili kila kitu.

Kwenye mteremko moto unapanda kwa kasi, kwa sababu miali inazikausha nyasi za juu kabla ya kuzifikia. Kwa kila nyuzi 10 za mwinuko, kasi inakaribia kuongezeka maradufu. Kwa hiyo washeni juu kabisa, moto ushuke. Na mtu asisimame juu ya moto mlimani, wala asikimbilie juu ukimzidi. Aende kando, aingie palipokwisha kuungua.

Jambo la pili: misitu ya mabondeni kando ya mito, kama ile ya Masito na Mahale, haichomwi hata Mei. Miti yake ina magome membamba, haikuzoea moto. Kila mwaka moto wa nyasi unalamba ukingo, miti ya ukingoni inakufa, mwanga unaingia, nyasi zinaota pale, na mwaka unaofuata moto unaingia hatua chache zaidi. Sokwe wanategemea mabonde hayo kwa matunda na malazi, na vijito vinategemea kivuli hicho. Pale, chomeni mapema ukanda wa nyasi ulio mbali kidogo na ukingo, wakati ukingo wenyewe bado ni mbichi.

Na hapa sikubaliani na mwenzangu kwa jambo moja alilolipita: msichome kipande kilekile kila mwaka. Mche wa mninga hufa sehemu ya juu kila kiangazi kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa, kisha hutoa shina moja linalopanda haraka. Unahitaji miaka michache bila moto ili upite urefu wa miali. Barabara za moto zichomwe kila mwaka, ndani ya msitu kwa zamu.

---

Gome_la_Mninga

Nakubali, nilipaswa kulisema. Kwa hekta 400, gawanyeni vipande vinne au vitano, na penye miche mingi ya mninga muweke alama paachwe.

---

KamatiMazingira_Skg

Asanteni sana, wakuu. Limebaki la mashamba ya mashariki. Watu wanasafisha mashamba Septemba na Oktoba, na wengine wanachoma mkaa mpakani. Tuwaambie nini? Na moto ukishaingia, vijana wafanye nini?

---

Gome_la_Mninga

Shambani: mabua yasichomwe yakiwa yametapakaa. Yakibaki juu ya ardhi yanahifadhi unyevu, na hilo ndilo bora. Mabua ya tumbaku kweli yang'olewe na kuteketezwa kwa ajili ya magonjwa, lakini kwa malundo madogo, mita 20 kutoka msituni, jioni, mwenye shamba akiwepo hadi majivu yapoe. Visiki vya shamba jipya visubiri mvua ya kwanza. Majivu ya bani (banda la kukaushia tumbaku) yasimwagwe mpakani, makaa yake hukaa hai siku mbili.

Tanuri la mkaa lipaliliwe mita 5 pande zote, na lisiachwe peke yake. Hatari kubwa ni siku ya kupakua: makaa yanayoonekana meusi yakipata hewa yanawaka upya. Yasambazwe, yasubiri hadi kesho kabla ya kutiwa gunia.

Moto ukishaingia: hakuna anayekwenda mbele ya moto. Mnaanzia nyuma, palipoungua, mnaubana pande zote mbili kuelekea kichwani, kila mtu akiwa na mguu mmoja kwenye majivu. Tawi linabanwa juu ya mwali na kuburutwa kuelekea kwenye majivu. Ukilipiga kwa kulinyanyua juu unarusha cheche nyuma yako. Nguo ziwe za pamba, za nailoni zinayeyukia mwilini. Mmoja asimame pembeni akitazama upepo tu, na neno lake la kurudi nyuma lisibishiwe. Miali ikizidi kimo cha mtu, acheni, rudini kwenye barabara ya moto na mngoje huko. Saa sita hadi saa tisa mchana ndiyo saa mbaya kuliko zote. Usiku moto uleule unaweza kuzimwa na watu watano.

---

Asali_Mbichi

Ongeza maji ya kunywa, mkuu, lita 3 kwa kila kijana. Na orodha ya majina ichukuliwe kabla hawajaingia, ihesabiwe wakitoka.