Msaada: kipima unene kinanichanganya kwenye mshono wa leza

Karakana Yetu: Wakuu, habari za kazi. Tuna mashine ya leza ya kushika mkononi, wati 1,500. Tunatengeneza koti la kupozea la matangi ya maziwa: shiti mbili za stenlesi, kila moja milimita 2, zimelaliana, gesi inapita katikati. Mteja anataka uthibitisho kuwa mshono umeshika, na hataki tukate kitu. Nimeazima kipima unene cha mawimbi ya sauti, megahezi 5, kile cha kuonyesha namba tu. Napaka jeli, naweka probu (kichwa cha kifaa kinachotuma na kupokea sauti) juu ya mshono: kinasoma 2.0, nikisogeza kidogo 4.0. Penye 4.0 nahesabu pameungana. Niko sahihi?

Mzee wa Mwangwi: Hapana mkuu. Shiti zako zina unene sawa, na hapo ndipo penye mtego. Sauti ikigonga chini ya shiti ya juu hurudi, hushuka tena, hurudi mara ya pili. Safari hizo mbili za milimita 2 kifaa kinaweza kuzisoma kama 4.0, hata kama chini hapajashika kabisa!

Karakana Yetu: Duh. Na 2.0 je, ndiyo hapajashika?

Mzee wa Mwangwi: Nayo si lazima. Mshono wa leza juu unauona mpana, lakini shiti zinapokutana unaweza kuwa milimita 1 tu. Probu yako ina upana gani? Kama ni milimita 10, inasikiliza mshono pamoja na sehemu zisizochomelewa pembeni. Tafuta kifaa kinachoonyesha mawimbi kwenye kioo, na probu ndogo ya megahezi 15 au 20 yenye kipande cha plastiki mbele, mwale wake ukiwa umekusanywa. Kwenye stenlesi sauti hukimbia karibu mita 5,700 kwa sekunde, kwa hiyo kwa megahezi 5 wimbi moja lina milimita 1.1 hivi. Kwa 15 linashuka hadi 0.38, na wimbi fupi hutenganisha vizuri mwangwi wa shiti nyembamba. Halafu usihangaike na mwangwi wa milimita 4. Angalia ule wa milimita 2: probu ikiwa juu ya mshono ulioshika, mwangwi huo unapaswa kuporomoka, maana sauti inapita hadi shiti ya chini.

Dada Eksrei: Nyongeza. Vishimo vya hewa picha ya eksrei itavionyesha vizuri, ila shiti zilizogusana bila kuyeyukiana zinaweza kupita bila kuonekana. Kwa hilo sauti ndiyo yenyewe.

Fundi Mkorofi: Mnamtuma akanunue mashine ya bei ya gari! Chomelea kipande cha majaribio, shiti zile zile, mpangilio ule ule. Kikate, king'arishe, kipake asidi, utaona kwa macho leza imezama kiasi gani. Kisha koti lenyewe lipime kwa shinikizo la maji, siyo hewa. Hewa ikipasua koti, inaua.

Mzee wa Mwangwi: Kipande hicho usikitupe, mkuu. Chomelea kingine makusudi kwa nguvu ndogo kisishike, uwe na viwili vya kulinganishia probu kabla hujagusa koti la mteja.

Karakana Yetu: Nimewaelewa wakuu. Fundi Mkorofi, asidi gani kwa stenlesi?