Kadi ya grafiki ya Amiga 2000 "inayoonyesha kila kitu": nimepigwa changa la macho

Ndugu wanajukwaa,

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha. Mwezi uliopita nililipa euro 340 kwa kadi ya grafiki ya Picasso II iliyokwisha kutumika, kwa ajili ya Amiga 2000 yangu (kompyuta ya Commodore ya miaka ya 1980), kwa sababu muuzaji aliandika katika tangazo lake kwamba inaonyesha modi zote za Amiga, yaani kila aina ya picha inayotoa, kwenye monita yoyote ya kisasa. Maneno hayo si kweli, na mtu anayeuza kadi za aina hii kila wiki hawezi kudai kwamba hakujua.

Kadi yenyewe haina kosa. Niliichomeka katika sloti ya Zorro II, nafasi ya kadi za nyongeza, nikaweka programu zake, na baada ya nusu saa Workbench, skrini ya kazi ya Amiga, ilikuwa mbele yangu kwa pikseli 800 kwa 600, maandishi yametulia tuli. Kisha nikatia diski ya mchezo. Ndani ya kasha rilei ikalia "ta", monita ikawa nyeusi, na katikati ya weusi ule kikajitokeza kisanduku kinachosema kwamba ishara iko nje ya kiwango. Mchezo ulikuwa unaendelea, maana muziki wake niliusikia vizuri kabisa.

Michezo mingi ya enzi ile haipiti kwenye mfumo endeshi. Huziamrisha moja kwa moja Agnus na Denise, chipu za picha za Amiga yenyewe, ambazo hazina habari kwamba kuna kadi. Hata picha za HAM, zile za rangi 4096, hutoka kwa Denise. Picasso II haiigusi picha hiyo: huipokea kwa kebo kutoka soketi ya zamani na kuipitisha kama ilivyo, kwa takribani kilohezi 15.6 za mlalo (mistari 15,600 hivi kwa sekunde), ilhali monita nyingi zilizoundwa kwa VGA, kiwango cha picha cha kompyuta za PC, huanzia karibu 31. Anayetaka zote mbili kwenye monita moja hana budi kutafuta kifaa kingine cha kuongeza mistari ya picha maradufu, kama vile A2320 ya Commodore inayokaa katika sloti ya video, na kifaa hicho hakiuzwi bei ya nyanya.

Nilipomwandikia muuzaji, alinijibu kwamba mashine yangu imechoka na kwamba nibadilishe Denise. (Denise, jamani!) Nikaibeba Amiga, kilo zake zote, hadi kwa rafiki mwenye monita ya Commodore 1084, inayopokea hizo kilohezi 15.6, na mchezo uleule ukaonekana bila dosari. Nilimtumia muuzaji picha za jaribio hilo, naye hajajibu tena.

Ninachomdai ni fedha zangu, au angalau arekebishe tangazo kabla hajamnasa mwingine. Nimelitazama tena asubuhi hii: ana kadi nyingine sokoni, bei imepanda kwa euro 20, na sentensi ileile haijaguswa.